Mwanetu Achagua Elimu ya Nafsi



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, safu yetu ya juma hili yawaelekea wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha nne, ambao sasa wanachagua masomo ya chuo kikuu. Kila ufikapo msimu huu wa kujaza nafasi za KUCCPS, swali moja hutujia baada ya swala, barazani na hata kwa simu: "Sheikh, binti yangu ataka kusoma saikolojia. Ni elimu gani hiyo? Haitamharibia dini yake? Na akiimaliza, atakula nini?"

Maswali haya matatu ni ya haki, wala mzazi asione haya kuyauliza. Miaka minne ya umri wa kijana si kitu kidogo, na karo yake ni jasho la baba na mama. Lakini tumeona kwamba wanaouliza hugawanyika makundi mawili, na makundi yote mawili yamekosea njia. La kwanza laiogopa elimu hii, likidhani ni falsafa ya wasioamini iliyovishwa joho la chuo. La pili laitarajia mno: ladhani kijana atarudi nyumbani akiwa tabibu wa akili, asome yaliyomo vifuani mwa watu kama asomavyo gazeti. Ukweli ni mwingine. Shahada ya kwanza ya saikolojia humfundisha kijana, kabla ya jambo jingine lolote, kutomhukumu binadamu kwa haraka, na kudai ushahidi kabla ya kusema "fulani yu hivi kwa sababu hii". Mwenye kulielewa hilo atajua afurahi kwa lipi na atahadhari na lipi.

Jina na asili yake

Waarabu huiita fani hii ilmu-nafs, na ndilo jina litumikalo hadi leo katika vyuo vikuu vyao. Kwa Kiswahili wako waiitao elimunafsi, na wengi husema saikolojia. Vitabu vya chuo huanza hesabu yake mwaka 1879, pale Mjerumani Wilhelm Wundt alipofungua maabara ya saikolojia katika mji wa Leipzig. Tangu hapo mambo ya nafsi yakaanza kupimwa kwa majaribio, kama yanavyopimwa mambo ya maji na chuma.

Lakini kuitazama nafsi na maradhi yake hakukuanza hapo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, kuhusu maslahi ya miili na nafsi pamoja. Humo alitenganisha huzuni za aina mbili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila yeye kujua chanzo chake, ambayo yeye aliiona yatoka mwilini. Nako Cairo, hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Basi mzazi asimwambie bintiye kwamba huu ni mlango ambao Waislamu hawajapata kuubisha. Waliubisha, wakaingia, kisha wakauacha wazi kwa watakaokuja baadaye.

Miaka minne darasani

Je, kijana husoma nini hasa? Katika vyuo vikuu vya Kenya, shahada hii kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwaka wa mwanzo huwa wa utangulizi: historia ya fani na matawi yake. Kisha huja ubongo na mishipa ya fahamu. Makuzi ya mtoto tangu tumboni hadi uzeeni. Kumbukumbu na jinsi binadamu anavyojifunza. Mwenendo wa mtu akiwa miongoni mwa watu. Tofauti za haiba. Magonjwa ya akili. Misingi ya ushauri nasaha. Na maadili ya kazi. Mwishoni mwanafunzi hufanya utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti.

Juu ya yote hayo yako masomo mawili yanayowaliza wengi: takwimu na mbinu za utafiti. Vijana waliokimbia hesabu hushangaa kuzikuta zinawangoja mlangoni. Nasi twasema hizo ndizo uti wa mgongo wa fani yenyewe. Tutoe mfano. Tuseme mtu amechunguza akaona kwamba katika miezi ambayo madafu huuzwa kwa wingi, watoto wanaozama baharini pia huwa wengi. Je, madafu yazamisha watoto? Mwenye akili atacheka. Kaskazi ikiingia joto huzidi. Joto humnywesha mtu dafu na joto hilo hilo humpeleka mtoto pwani kuoga. Mambo mawili yamefuatana bila moja kulizaa jingine. Hapo sote twaona wazi. Lakini tukiambiwa kwamba fulani aliugua baada ya kugombana na jirani, hatucheki tena. Twakata shauri papo hapo kwamba jirani amemroga. Mwanafunzi wa saikolojia hufundishwa kusita mahali hapo, na kuuliza: je, hakuna jambo la tatu?

Hufundishwa pia kutoliamini jicho na sikio moja kwa moja. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na mwenzake John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 nchini Marekani filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja likaulizwa magari yalikwenda kwa kasi gani "yalipogongana". Kundi jingine likaulizwa swali hilo hilo kwa neno zito zaidi, mfano wa sisi kusema "yalipopondana". Baada ya juma moja wote wakaulizwa: je, mliona vioo vilivyovunjika? Katika filamu havikuwamo vioo vilivyovunjika. Lakini kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno jepesi, waliosema hivyo ni 7. Neno moja la muulizaji liliwatia watu kumbukumbu ya jambo lisilokuwako, nao hawakukusudia kusema uongo.

Sisi tunaokaa katika sulhu za mume na mke twapaswa kulizingatia hili. Mzee akianza kikao kwa kumwuliza mke, "Alikupiga vipi?" kabla ya kuuliza "Kulitokea nini?" ameshatia mkono wake katika ushahidi. Na akianza kwa kumwambia, "Basi ni ugomvi mdogo tu, au siyo?" ametia mkono upande wa pili, na pengine amemnyamazisha aliyedhulumiwa. Fiqhi yetu imeweka masharti mazito juu ya ushahidi na mashahidi. Elimu hii yatuonyesha kwa nini uzito huo una haki yake.

Hifdhi, hofu na unga

Ndugu msomaji, tuyatazame mambo matatu mengine wanayofundishwa vijana hawa, tuone jinsi yanavyogusa nyumba zetu.

La kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani alichosahau baada ya muda mbalimbali. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za mwanzo. Baadaye kasi hupungua. Alikuta pia kwamba kukariri kulikogawanywa katika siku kadhaa hushinda kukariri kwingi kwa mkupuo. Watafiti wa baadaye, akina Roediger na Karpicke katika mwaka 2006, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama walihifadhi zaidi baada ya juma moja kuliko waliorudia kusoma tu, ingawa hao waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi.

Msomaji aliyepitia chuo cha Qur'ani atatabasamu hapa. Muraja'a ya kila siku, na kumkalia mwalimu ukamsomea kwa moyo naye akikusikiliza, ni mambo ambayo vyuo vyetu vimeyafanya karne nyingi. Kijana wetu akiyakuta katika kitabu cha chuo kikuu, ataiheshimu zaidi njia aliyolelewa nayo. Lakini pia atakuwa na hoja ya kumwambia ustadhi anayempa mtoto kurasa tatu usiku mmoja kabla ya mtihani: njia hiyo haidumu.

La pili ni hofu. Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kupewa chakula, hatimaye hutokwa na mate kwa sauti ile peke yake. Mwaka 1920, nchini Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walilijaribu jambo hili kwa mtoto mchanga aitwaye katika vitabu Albert. Hapo mwanzo mtoto hakumwogopa panya mweupe. Wakawa kila amgusapo panya hupiga chuma kwa kishindo nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto akawa analia amwonapo panya tu, hata pasipo kishindo. Wanafunzi husomeshwa jaribio hili kwa sababu mbili: wajue jinsi hofu inavyopandwa, na wajue kwamba kumfanyia mtoto jambo kama hilo hakukubaliki.

Basi, waalimu wenzangu wa vyuo, tulipime hili kwa mizani yetu. Mtoto apigwaye kila anapokosea herufi hajifunzi herufi peke yake. Hujifunza kuuogopa msahafu ulio mbele yake, mkeka aliokalia na njia imfikishayo chuoni. Miaka kumi baadaye twalalamika kwamba vijana wameukimbia msikiti. Na hata kabla ya saikolojia kusema lolote, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imempa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa ukatili.

La tatu ni unga, na hili ndilo lililotuingia nyumbani pasi na kubisha hodi. Kutoka Lamu hadi Vanga hakuna mtaa usio na familia inayolia kwa ajili ya heroini. Mwanafunzi wa saikolojia husoma kwamba mraibu mwili wake na mazingira yake vimefungamana. Ukuta wa maskani, rafiki wa zamani, karatasi ya kuvutia, hata saa fulani ya jioni, kila kimoja huwa kama ile sauti ya Pavlov: huamsha kiu kabla hata unga haujaonekana. Ndiyo sababu kijana aliyetoka katika kituo cha kurekebisha tabia akiwa mzima, akirejeshwa katika kichochoro kile kile, aweza kuanguka katika muda wa siku chache, nasi tukasema hana haya wala imani.

Husoma pia habari za askari wa Marekani waliotumia heroini vitani Vietnam. Lee Robins aliyewafuatilia alikuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu kule hawakuurudia uraibu katika mwaka wa kwanza walipokwisha kurudi makwao, mbali na mazingira yale. Na husoma jambo ambalo kila mama wa mraibu yampasa kulijua: aliyeacha kwa muda, mwili wake hupoteza uzoefu, na kile kipimo alichokuwa akikitumia zamani chaweza kumwua siku atakapokirudia. Kwa hiyo wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni au gerezani ni wiki za kumlinda kijana. Atafutiwe makao mapya kwa ami au kwa mjomba, apatiwe kazi ya kumshughulisha, na asiachwe peke yake. Na aliye katika matibabu ya methadoni, kama yatolewayo Malindi na Mombasa, asibezwe kwamba amebadilisha ulevi kwa ulevi. Hiyo ni tiba chini ya usimamizi wa hospitali.

Mipaka ya elimu hii

Hatusemi kwamba kila kilichomo katika vitabu hivyo ni haki tupu. Na jambo zuri ni kwamba wanafunzi hufundishwa mipaka hiyo na fani yenyewe. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimetolewa katika majarida mashuhuri. Zilizotoa tena matokeo yenye uthabiti zilikuwa zaidi kidogo ya thuluthi moja. Hiyo ilikuwa aibu, lakini ni aibu iliyotangazwa na wenyewe bila kufichwa, na tangu hapo masharti ya utafiti yamekazwa.

Mwaka 2010, Joseph Henrich na wenzake walionya juu ya kasoro nyingine: kwamba katika tafiti za majarida makubwa, watu 96 katika kila 100 waliochunguzwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia, na wengi wao ni wanafunzi wa vyuo vya Magharibi. Je, mvuvi wa Kipini na mama mwenye wake wenza kule Msambweni wapimwe kwa kipimo cha mwanafunzi wa Chicago? Hilo ni swali la kielimu, na watoto wetu wana haki ya kuliuliza darasani. Mtu wetu akiugua nafsi hasemi maneno ya kitabu. Husema "moyo wanienda mbio", "roho imenichoka", "kifua kimejaa", "kiza kimeniingia". Kijana asomaye kwa Kiingereza kisha asijue kuyasikia maneno haya kwa Kiswahili, atakaa mbele ya bibi yake asifahamu kwamba bibi anamweleza ugonjwa.

Kwa upande wa itikadi, ni kweli kwamba baadhi ya waliojenga fani hii waliiona dini kuwa udhaifu wa akili. Sigmund Freud ni mmoja wao. Mwanafunzi atamsoma, kama asomavyo historia ya kila aliyesema neno. Kumsoma mtu si kumfuata. Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliandika kitabu mwaka 1979 akiwaonya wanasaikolojia Waislamu wasimeze kila nadharia ya Magharibi kwa macho yaliyofumbwa. Lakini yeye mwenyewe aliishi maisha yake yote ndani ya fani hiyo, akifundisha na kutibu, na akakifasiri kwa Kiingereza kitabu cha al-Balkhi tuliyemtaja. Huo ndio mfano mwema: mtu aliyejua anachokichukua na anachokiacha. Kijana mwenye msingi wa dini hatapotezwa na Freud. Asiye na msingi atapotezwa na simu iliyo mfukoni mwake kabla hajafika chuo kikuu.

Na katika mlango wa maadili watasoma jaribio la Stanley Milgram wa chuo kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1963. Wanaume 40 waliamriwa, mmoja mmoja, wampige mtu aliye chumba cha pili kwa umeme kila akoseapo jibu, na kila mara nguvu izidishwe. Umeme haukuwako, yule mtu alikuwa akiigiza. Lakini wao hawakujua, na 26 kati yao waliendelea hadi mwisho, volti 450, kwa kuwa tu mwenye mamlaka alisimama pale akiwaambia waendelee. Hawakuwa majambazi, walikuwa watu wa kawaida wa mjini. Kila baba, kila mwalimu, kila mwenye kuamrisha watu na aitafakari hesabu hiyo. Sisi tumefundishwa tangu udogoni kwamba utiifu kwa kiumbe una mpaka wake. Milgram alionyesha jinsi mpaka huo unavyovukwa kwa urahisi.

Hapa ndipo palipo hatari

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuishike kalamu. Katika somo la magonjwa ya akili, mwanafunzi husoma alama za sonona, skizofrenia na maradhi mengine. Hujifunza, kwa mfano, kwamba huzuni ya kawaida hupanda na kushuka, lakini sonona hukaa karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikimnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na ladha ya mambo aliyoyapenda. Na kwamba humpata hata mama aliyejifungua salama mtoto mzuri. Hujifunza kwamba skizofrenia mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini na kitu, na kwamba kadiri matibabu yanavyocheleweshwa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Lakini kuzijua alama si idhini ya kutibu. Daktari wa magonjwa ya akili husoma udaktari kwanza, kisha akabobea. Yeye ndiye aandikaye dawa. Mwanasaikolojia wa tiba, kwa kawaida, huendelea hadi shahada ya uzamili na hufanya mazoezi chini ya jicho la aliyemtangulia. Tena Kenya ina sheria tangu mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, iliyoweka bodi ya kuwasajili. Mwenye shahada ya kwanza aliyetundika kibao mlangoni na kuwatoza watu pesa bila usajili anafanana na aliyesoma vitabu vya fiqhi miezi sita akakaa kitini kutoa fatwa za talaka. Atakaoponya ni wachache, na atakaobomoa nyumba zao hawahesabiki.

Na hatari ya upande wa pili ni yetu wenyewe. Kijana akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, twamzungusha kwa waganga mwaka mzima, hufungwa kamba, huchapwa ati atolewe jini, na dawa za hospitali hutupwa. Dua na kisomo ni ibada, hatuziachi wala hatuoni haya kwazo. Majini nayo ni katika tunayoyaamini. Lakini hakuna katika kisomo cha sheria kumfunga mgonjwa, kumpiga, wala kumwambia aache dawa. Sheikh mwenye kumcha Mungu humsomea mgonjwa, kisha huwaambia jamaa zake: sasa mpelekeni hospitali. Wawili hawa hawagombani. Anayewagombanisha ana lake.

Hapo ndipo twawahitaji vijana wetu walioisoma elimu hii. Hata kama hawatibu, wao ndio watakaokuwa wa kwanza nyumbani kusema, "Mama, huyu ndugu yetu si mkorofi, ni mgonjwa, tusingoje." Nao mabinti twawahitaji zaidi. Ni wanawake wangapi miongoni mwetu wamebeba majonzi miaka kwa miaka kwa kuwa hakuna mwanamke mwenzao mwenye elimu na siri wa kumwelezea, nao wanaona haya kukaa mbele ya mwanamume wasiyemjua? Binti atakayeifikisha elimu hii hadi mwisho wake, akasajiliwa, akakaa Majengo au Malindi akiwasikiliza mama zake kwa Kiswahili chao na kwa kuijua dini yao, ameziba pengo ambalo mimbari peke yake haiwezi kuliziba.

Nasaha kwa mzazi

Kwa hiyo, mzazi mpenzi, usimkataze na usimsukume. Kaa naye mzungumze. Mwulize kwa nini aitaka fani hii. Akisema ni kwa kuwa haina hesabu, mwambie habari za takwimu mapema. Hakikisha kwamba masomo hayo yameidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jipangeni tangu leo kwamba akitaka kuwa mtibabu, miaka minne ni nusu ya safari, na karo ya nusu ya pili itafutwe mapema. Akiishia shahada ya kwanza, si hasara: wako waajiriwao katika mashirika ya watoto, katika ofisi za waajiri, katika utafiti na katika kazi za jamii. Ila aseme ukweli juu ya kiwango chake, asijiite asivyo.

Na akirudi likizo akikwambia, "Baba, nimesoma jambo leo," mpe sikio. Usimwambie kwamba mambo hayo ni ya wazungu kabla hujayasikia. Yawezekana analolileta linahusu ndugu yake aliyejifungia chumbani tangu mwezi uliopita, ambaye wote mnasema ni mvivu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, awarejeshe waliopotezwa na unga, na azipe nyumba zetu subira na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.